Madoa meupe ya maji ya chumvi kwenye vioo vya madirisha hayatoki, naombeni msaada

Kioo_Kimegoma (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda huu.

Nina tatizo linalonikosesha raha ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Vioo vya madirisha vimejaa madoa meupe, mengine ya duara kama sarafu, mengine yametiririka toka juu hadi chini kama machozi yaliyokauka. Tunatumia maji ya kisima kirefu, maji ya chumvi haswa. Birika la umeme likikaa wiki mbili bila kusuguliwa linaota ukoko chini mpaka linanguruma likichemsha.

Nimeshajaribu sabuni ya unga, hola. Ile dawa ya bluu ya kupulizia vioo, hola. Kioo kinanukia vizuri lakini doa liko palepale. Magazeti makavu, hola. Jana hasira zikapanda nikachukua stili waya ya kusugulia masufuria nikashambulia kona moja ya dirisha la jikoni. Doa likapungua kidogo, ila leo asubuhi jua lilipopiga nikaona michirizi ya kuzunguka imejaa pale konani, kama utando wa buibui. Nimeacha.

Kinachonichanganya zaidi: nikimwagia maji, kioo kinakuwa safi kabisa, nafurahi. Kikikauka tu madoa yote yanarudi, kila moja mahali pake. Huu ni uchawi gani?

Fremu ni za alumini, vioo ni vya kawaida, kimoja kina tinti ya kubandika kwa ndani. Yaliyoathirika ni madirisha manne ya upande wa nyuma, na mawili ya chumba kipya tulichoongeza pembeni. Nisaidieni kabla sijaharibu zaidi.

Ngoja_Waje

Ngoja wataalamu waje. Mimi nimeshakaa hapa na ndoo yangu.

Bi_Usafi

Pole mwanangu. Hayo yananitesa hata mimi tangu nihamie kwenye maji ya kisima. Chukua siki nyeupe, changanya na beking soda, ikitoa povu paka hapo hapo. Acha kidogo, sugua na sponji, suuza. Usitumie tena hiyo stili waya, kioo si sufuria.

Kioo_Kimegoma

Shikamoo Bi Usafi, asante sana. Nitajaribu jioni.

Mtu_wa_Mkato

Mnamzungusha tu mwenzenu. Chukua dawa ya kuoshea choo, ile kali, paka, hesabu dakika mbili, mwagia maji. Imeisha hiyo.

Mwalimu_Mstaafu

Kioo_Kimegoma, hiyo ya dawa ya choo iache kwanza, nitaachia mafundi waiseme. Mimi nilifundisha kemia miaka mingi, niruhusu nianzie kwenye hilo doa lenyewe, maana ukilijua hutapoteza nguvu.

Tunaita "maji ya chumvi", lakini hicho kilichoganda kiooni si chumvi ya mezani. Ingekuwa chumvi ya mezani, maji matupu yangeiyeyusha. Maji ya mvua yakipita kwenye udongo yanabeba hewa ya ukaa, yanakuwa na uchachu kidogo, na kwa uchachu huo yanayeyusha mawe ya chokaa huko chini. Yanapotoka kisimani yamebeba kalisiamu na magnesiamu. Vitabuni tunayaita maji magumu. Mzigo huo, ukipimwa kama chokaa, ukizidi miligramu 180 kwa lita, maji yanahesabiwa kuwa magumu sana. Sasa tone likikaa kwenye kioo na jua likalikausha, maji yanapaa, mzigo unabaki, na mzigo huo unageuka kuwa kile kile ulichokuwa huko chini: jiwe. Maji yenye miligramu 300, kila lita inayokaukia kwenye kioo chako inakuachia karibu theluthi moja ya gramu ya jiwe. Piga hesabu kwa miaka.

Ndiyo maana sabuni imegoma. Sabuni inashika mafuta, na dawa nyingi za bluu za vioo nazo zimetengenezwa kwa ajili ya alama za vidole na mafuta. Jiwe la chokaa linataka asidi. Siki ya kawaida ina asidi asetiki kama asilimia 5, inatosha.

Bi Usafi uniwie radhi, siki umepatia, soda ndiyo inaharibu. Siki ni asidi, soda ni besi, yaani kinyume cha asidi. Ukivikutanisha vinauana. Lile povu linalotupendeza ni hewa ya ukaa inatoka, na likiisha unabaki na maji yasiyo na nguvu ya kung'ata chochote. Ukitaka soda itumie peke yake kusugulia, ila si pamoja na siki.

Kuhusu uchawi wako: doa lina vinundu na mashimo madogo yanayotawanya mwanga, ndiyo maana unaliona jeupe. Ukilowesha, maji yanajaza mashimo, mwanga unapita sawasawa. Yakikauka, mwanga unatawanyika tena. Lakini angalia sana hapa, kioo kilicholiwa nacho kinafanya hivyo hivyo. Kwa hiyo kulowesha hakukuambii kama jiwe limekaa juu ya kioo au kioo chenyewe kimeshatobolewa. Dondoshea doa tone moja la siki, sogeza jicho karibu, subiri dakika moja. Ukiona vipovu vidogo sana vinapanda, kama vya soda ya kunywa iliyokaribia kuisha gesi, una bahati, hilo ni jiwe na litatoka. Kisha pitisha ukucha. Jiwe unalihisi limeinuka.

Bi_Usafi

Mwalimu umenivunjia povu langu la miaka yote 😂 Lakini sawa, nimeelewa kwa nini huwa nasugua mpaka bega linauma.

Fundi_Alumini

Wakuu, kuhusu dawa ya choo. Nyingi za zile kali zina asidi haidrokloriki. Jiwe litatoka kweli, sikatai. Nilifanya kwangu mwenyewe, si kwa mteja, nashukuru Mungu. Kioo kiling'aa. Wiki mbili baadaye fremu chini ilikuwa imebabuka mabaka ya kijivu, na skrubu zote za bawaba zimeota kutu. Kizingiti cha dirisha kilikuwa cha marumaru ya jiwe, kila ilipodondokea pakabaki kovu lisilong'aa, maana marumaru yenyewe ni ndugu wa hilo doa, asidi haibagui. Hata siki usiiache ikae juu ya marumaru.

Hatari zaidi: kuna watu wakiona dawa moja imeshindwa wanaongeza na ya kung'arishia nguo nyeupe. Asidi yoyote, hata siki, ikikutana na ile dawa inatoa gesi ya klorini. Hiyo utaivuta kifuani mwako ukiwa umeinamia dirisha. Usithubutu.

Na ukikuta dawa ya kutoa kutu au madoa ya vioo imeandikwa ina asidi ya haidrofloriki, irudishe ilikotoka. Inayeyusha kioo chenyewe, na ikigusa ngozi inazama hadi mfupani, wakati mwingine bila kuuma mwanzoni.

Sasa niulize swali ambalo hakuna aliyeuliza. Kwa nini upande wa nyuma tu? Maji ya kisima mnatumia nyumba nzima. Toka nje, angalia juu ya hayo madirisha kuna nini. Tangi? Mpira wa kumwagilia? Na chumba kipya, kimepigwa lipu lini?

Kioo_Kimegoma

Duh. Tangi liko juu upande huo huo. Chumba kimepigwa lipu mwaka jana, madirisha yalitangulia. Ngoja kuche niangalie.

Mpangusa_Vioo

Hii ndiyo kazi inayonilisha, nichangie namna ya kufanya tu.

Usianze jua likiwa kali. Siki ikikauka kabla haijamaliza kazi unaanza upya. Anza asubuhi, au upande uliopata kivuli. Kwanza osha vumbi lote kwa maji mengi na sabuni kidogo. Watu wanaruka hapa, halafu wanalaumu siki. Vumbi lina mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko kioo. Ukisugua bila kuosha unapiga msasa.

Halafu kosa la wengi: wanapulizia siki, inateremka yote chini, wanasugua, wanasema haifanyi kazi. Siki inataka kukaa. Chukua vitambaa vya pamba au karatasi laini za jikoni, loweka kwenye siki isiyoongezwa maji, bandika juu ya doa zikamatane na kioo. Funika na mfuko wa plastiki uliopasuliwa ili zisikauke. Dakika 20 hadi 30. Ukiipasha siki ikawa vuguvugu inaenda haraka, ila isichemke, kioo cha baridi kikimwagiwa kitu cha moto kinaweza kupasuka. Wengine wanatumia unga wa asidi ya sitriki, vijiko viwili vya chakula kwenye nusu lita ya maji vuguvugu, haunuki kama siki. Mimi ndio naoupenda.

Bandua, sugua kwa sponji laini kwa kuzungusha, suuza. Doa la siku nyingi haliondoki mara moja, linapungua tabaka kwa tabaka. Rudia. Ukiona umeanza kutumia nguvu, simama, rudisha kitambaa. Muda ndio unafanya kazi, mkono unasindikiza tu.

Pakibaki vipande vilivyokaidi, tumia wembe mpya, kioo kikiwa kimelowa, unasukuma kuelekea mbele tu, hurudishi nyuma. Kwenye kioo cha tempa, yaani kilichoimarishwa kwa joto, usiguse wembe, wala upande wenye tinti. Tinti yako iko ndani na doa liko nje, kwa hiyo nje fanya kama kawaida. Stili waya ipo inayokubalika, laini kabisa ya namba 0000, nayo juu ya kioo kilicholowa. Ya sufuria ni nyingine.

Suuza ya mwisho usitumie maji yale yale ya kisima ukayaacha yakauke, utakuwa umeoga na kurudi matopeni. Kinga maji ya mvua. Kama huna, suuza na hayo hayo ila yavute yote kwa raba ya kukaushia, toka juu kwenda chini, kila mvuto unafuta raba na kitambaa kikavu.

Ngoja_Waje

Ndoo yangu inajaa.

Kioo_Kimegoma

MREJESHO

Wakuu, siku ya nne leo. Nilianza na dirisha la jikoni. Nikadondosha siki, nikasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Kweli vipovu vikaanza, vidogo kama vichwa vya sindano, vimejipanga kwenye ukingo wa doa. Nilimwita mume wangu aje aone, akaniangalia kama nimerukwa.

Raundi ya kwanza doa likawa kama ukungu. Ya pili likabaki ukingo tu. Ya tatu nikapitisha kidole kikateleza na kulia "kwii". Dirisha la pili nilizembea, nikaenda kupokea simu, kitambaa kikakauka kikaacha mstari mweupe mpya. Nikarudia. Manne yote ya nyuma yamekuwa safi, isipokuwa ile kona ya stili waya, michirizi ipo na itabaki kunikumbusha.

Fundi, ulisema kweli. Boya la tangi lilikuwa limekufa. Usiku likijaa maji yanatoka kwenye bomba la kufurikia, upepo unayapeperusha hadi madirishani. Tumelala humo miaka yote tukidhani ni kelele za miti. Boya limebadilishwa, na bomba limerefushwa hadi chini.

Tatizo ni yale mawili ya chumba kipya. Siki raundi tano, hakuna hata kipovu kimoja. Ukucha unapita bila kukwama. Madoa yametiririka kutoka juu ya fremu, rangi ya maziwa.

Mwalimu_Mstaafu

Hayo si ya kisima. Mafundi walipiga lipu juu ya vioo visivyofunikwa, maji ya saruji mbichi yakatiririka. Saruji mbichi ni besi kali, pH (kipimo cha asidi na besi, 7 ikiwa katikati) inafika 12 na zaidi, na besi kali inakula kioo chenyewe polepole. Hakuna kitu juu cha kuyeyusha tena. Siki unampa mgonjwa dawa ya ugonjwa alioshapona.

Mpangusa_Vioo

Naunga mkono. Hapo ni kupiga polishi kwa poda ya seriamu oksaidi na pedi ya kuzungusha. Inaondoa tabaka jembamba la kioo mpaka usawa wa shimo. Kwa doa jepesi inakubali. Likiwa na kina utapolish siku nzima, na mwisho ukitazama nje mti unapinda. Kwa dirisha dogo namshauri mteja abadilishe kioo.

Fundi_Alumini

Na siku ukipiga lipu tena, funika vioo kwa nailoni kabla fundi hajakoroga. Likitokea bahati mbaya, lioshe siku hiyo hiyo likiwa bichi, linatoka kwa maji mengi tu.

Kioo_Kimegoma

Nimeelewa. Moja ni la stoo, hilo litabaki na maziwa yake, hakuna anayechungulia humo. La chumbani nitabadilisha kioo. Asanteni sana, Bi Usafi na wewe pia, siki ilikuwa wazo lako.

Ngoja_Waje

Mimi nimemaliza madirisha mawili leo. Ila kuna jambo mmenificha wataalamu: siki ikikuta mkono una mkwaruzo inawasha kama pilipili. Nani ana glavu?