Naomba ushauri: chili ya mtindo wa Cincinnati, nipikie nyumbani Morogoro

Binti_Kihonda

Wanajamvi wa jikoni, habari za jioni.

Shemeji yangu, mume wa dada, anaishi Cincinnati, jimbo la Ohio kule Marekani. Mwezi ujao wanakuja likizo na watoto wao wawili waliozaliwa huko huko. Mama ameshapanga pilau ya mbuzi, ndizi nyama na kila kitu chake. Mimi nataka siku moja tu watoto wale wakute mezani chakula wanachokijua. Dada anasema kwao wao ni chili, lakini si ile nzito ya kula kwenye bakuli kwa kijiko. Ni mchuzi wa nyama ya kusaga unaomwagwa juu ya tambi, halafu jibini linarundikwa juu yake mpaka chini hakuonekani kitu.

Nimesoma mapishi kadhaa, nayo hayaelewani. Karibu yote yanasema nyama mbichi itiwe kwenye maji baridi na kuvurugwa humo, bila kukaangwa, bila kitunguu kugusa mafuta. Mimi nimelelewa kwamba mchuzi unaanza na kitunguu kilichokaangwa kikaiva, kwa hiyo hapo nina wasiwasi. Haitabaki na shombo? Tena viungo ni mdalasini, karafuu, bizari nyembamba. Nifanyeje isije ikanukia pilau? Wengine wanatia kakao, wengine hawatii. Na wanataja unga wa chili vijiko vitatu vya chakula kwa kilo moja ya nyama. Pilipili ya unga ninayonunua hapa sokoni, vijiko vitatu, watoto watakula kweli?

Jiko la gesi lipo, friji ipo ingawa umeme mtaani kwetu unakatika mara kwa mara. Aliyewahi kupika au kula chakula hiki anisaidie.

Mzee_wa_Sufuria

Dada, hiyo habari ya maji baridi achana nayo. Kaanga kitunguu, tia nyama, kaanga mpaka maji yakauke na nyama ianze kubadilika rangi, tia nyanya, hoho, pilipili, mwishoni maharage mekundu yaliyochemshwa. Acha itokote nusu saa. Chili yoyote duniani ndiyo hiyo. Nimeipika mara nyingi na haijawahi kubaki chunguni.

Mwana_Bukavu

Mzee wangu, shikamoo. Ulichoeleza ni chakula kizuri, ila si cha Cincinnati. Marekani chili ina makwao mengi. Watu wa Texas, ambako mwaka 1977 bunge la jimbo liliitangaza chili kuwa chakula rasmi cha jimbo, wanaipika kwa nyama na pilipili kavu, na wengi wao hawataki kabisa kuona maharage ndani. Hiyo yako inafanana na inayopikwa majumbani sehemu nyingi za nchi. Ya Cincinnati ina ukoo mwingine.

Mimi ni mtu wa Kivu ya Kusini, niko hapa mjini Cincinnati na familia, na nimefanya kazi jikoni kwenye mgahawa mmojawapo wa chili. Siri za mgahawa sitaziweka hapa. Lakini utaratibu wa msingi kila mpishi wa mji huu anaujua.

Chakula hiki kililetwa na wahamiaji kutoka nchi za Balkani. Mwaka 1922 ndugu wawili Wamasedonia, Tom na John Kiradjieff, walifungua kibanda cha chakula karibu na ukumbi wa burudani ulioitwa Empress, nacho wakakiita Empress. Walichukua mchuzi wa nyama wenye viungo vya kwao, wakaumwaga juu ya soseji ndani ya mkate, kisha juu ya tambi. Mwanzoni tambi zilipikwa pamoja na mchuzi. Wateja ndio waliotaka mchuzi uje juu, na wateja hao hao wakaomba jibini. Baadaye wakaja wengine: Dixie ng'ambo ya mto, upande wa Kentucky, mwaka 1929; Skyline ya Nicholas Lambrinides, Mgiriki, mwaka 1949; na Gold Star mwaka 1965, ya ndugu waliotoka Jordan. Kwa hiyo dada, ukionja mdalasini kwenye nyama usishangae. Ni mapishi ya watu wa Mediterania yaliyopewa jina la Marekani.

Sasa maji baridi. Nyama ya kusaga ukiitupa kwenye sufuria ya moto, au kwenye maji yanayochemka, inashikana papo hapo ikawa madonge, na hata uipige mwiko namna gani haitarudi. Ukiivuruga kwenye maji baridi kwa mikono, kabla ya kuwasha moto, inaachana chembe chembe. Ndipo unawasha moto wa wastani huku unakoroga. Ikianza kuchemka, engua povu la juu. Unapata mchuzi laini, chembe za nyama ndogo sana, unaoteleza katikati ya tambi. Huo ulaini ndio unaoitambulisha. Watoto waliozaliwa huku wakiona madonge watajua mara moja si yenyewe, hata viungo viwe sahihi.

Shombo usiiogope. Inachemka saa tatu, ina siki, ina viungo. Mwambie mwenye bucha akusagie mara mbili, na asiondoe mafuta yote.

Mzee_wa_Sufuria

Marahaba kijana. Nimekuelewa. Saa tatu za gesi lakini, hapo dada ajipange. Kama una jiko la mkaa, baada ya kuchemka hamishia huko na moto wa majivu.

Bi_Forodhani

Binti, hili la kunukia pilau limenigusa kwa sababu ndilo nililojiuliza mwenyewe wajukuu wangu walipotaka chakula hicho hicho. Nipo Unguja, viungo ndio maisha yangu, nikueleze ninavyoelewa.

Pilau inapata harufu yake kwa sababu viungo vinaingia kwenye mafuta ya moto, pamoja na kitunguu kilichokaangwa kikawa cha kahawia, na tunatia iliki, pilipili manga nzima, tangawizi na thomu. Kwenye chili hii usikaange chochote, na iliki na tangawizi zisiingie kabisa. Iliki hasa. Punje mbili tu zitakupeleka kwenye pilau moja kwa moja. Viungo vyote viwe vya unga, viingie kwenye mchuzi wenye nyanya na siki. Ule uchachu na muda mrefu wa moto vinavibadilisha, vinakuwa vya chini chini, mlaji anahisi utamu wa joto bila kuweza kusema hiki ni kiungo gani.

Kwa kilo moja ya nyama mimi natia mdalasini kijiko kimoja cha chai, bizari nyembamba kijiko kimoja cha chai, na karafuu robo kijiko. Robo, binti yangu, usizidishe. Vipimo vya Wamarekani vinadhani karafuu ni ile ya kichupa iliyokaa kabatini muda mrefu. Wewe ukisaga karafuu ya Pemba siku hiyo hiyo, ina nguvu ya kutosha kufunika vyote. Anza na chini ya robo, onja baada ya saa moja, ongeza kama inahitaji.

Kuna kiungo kinaitwa olspaisi, punje kavu zinazofanana na pilipili manga ila kubwa kidogo, asili yake Jamaika na nchi za jirani, nacho ni muhimu kwenye chakula hiki. Harufu yake ni kama karafuu, mdalasini na kungumanga vimekaa pamoja. Ukikikosa, paraza kungumanga kidogo, chini ya robo kijiko, halafu mdalasini na karafuu ulivyokwisha kutia vitafanya kazi iliyobaki. Haitakuwa sawasawa lakini itakaribia sana.

Kakao natia kijiko kimoja cha chakula, isiyo na sukari. Haileti ladha ya chokoleti. Inaupa mchuzi rangi na uchungu mdogo unaoshika utamu wa nyanya. Mapishi mengi ya nyumbani yanaitumia. Kama hupendi, acha, chakula hakitaharibika.

Mpishi_wa_Nyali

Hapo kwa unga wa chili ndipo wengi wa huku kwetu hukosea, ni vyema umeuliza mapema. Ule unga wa Marekani si pilipili tupu. Ni mchanganyiko: pilipili kavu isiyo kali sana, bizari nyembamba, kitunguu saumu cha unga na oregano, yaani majani makavu ya kunukia. Ndiyo maana wanapima kwa vijiko vya chakula. Ukichukua pilipili ya unga ya hapa kwetu kwa kipimo kile, hakuna mtoto atakayekula, na hata mkubwa atatokwa machozi.

Badala ya vijiko vitatu vya unga ule, changanya hivi: paprika (unga mwekundu wa pilipili tamu isiyo kali) vijiko viwili vya chakula, bizari nyembamba vijiko viwili vya chai (hii ni mbali na ile aliyotaja Bi Forodhani), saumu ya unga kijiko cha chai, oregano kavu kijiko cha chai, na pilipili kali nusu kijiko cha chai au chini yake. Paprika na oregano utazipata supamaketi. Bila paprika mchuzi utakosa rangi na ule mwili wake, kwa hivyo hiyo usiiruke.

Chizi nunua cheddar isiyo kali, ya kipande, usinunue iliyokwisha kuparazwa kwenye pakiti. Ile ya pakiti huwa imenyunyiziwa unga ili isishikane, na haiyeyuki vizuri. Iweke kwenye friji iwe baridi kabisa, kisha paraza kwa yale matundu madogo, dakika za mwisho. Inatakiwa iwe nyepesi kama nyuzi, ikae juu kama kichuguu, ianze kulainika kwa joto la mchuzi huku ya juu bado ni kavu.

Binti_Kihonda

Asanteni sana, Mungu awabariki. Bi Forodhani, shikamoo, maelezo yako yamenitoa hofu kabisa.

Bado nina mambo mawili. Dada anasema mchuzi unapikwa leo unaliwa kesho. Ni lazima? Maana umeme hapa unaweza kukatika usiku mzima. Na pili, tutakuwa watu kumi na wanne mezani, wazee wakiwemo ambao jibini hawalijui. Naandaaje meza?

Nesi_Jikoni

Kuhusu kulaza mchuzi, chukua tahadhari, hiyo ni sufuria nzito ya nyama na Morogoro kuna joto. Usiiache juu ya jiko usiku kucha eti ipoe. Ukiepua, gawanya kwenye vyombo viwili vitatu visivyo na kina, viweke ndani ya beseni la maji baridi, koroga kila baada ya muda mfupi, ukipoa peleka kwenye friji. Usizidishe saa mbili nje. Umeme ukikatika usifungue fungue mlango. Friji iliyofungwa hukaa na ubaridi kama saa nne hivi. Ukikatika usiku mzima, mchuzi ule usiwape watu.

Kama huna uhakika na umeme, pika alfajiri ya siku hiyo hiyo, ule jioni.

Mwana_Bukavu

Nakubaliana na Nesi. Kulala si lazima, ila kuna sababu mbili za kukupendekezea. Ukiwa baridi, mafuta yote yanapanda na kuganda juu, unayakwangua kwa kijiko. Bakisha kidogo, ladha iko humo. Na viungo vinatulia, ile karafuu inaacha kujitokeza mbele. Ukipika alfajiri, iache itulie kama saa moja, engua mafuta kwa upawa, kisha ipashe.

Kwa watu kumi na wanne chukua nyama kilo mbili, maji lita mbili, vitunguu maji vinne vilivyokatwa vidogo mno, punje nane za saumu, nyanya ya kopo gramu 350 hivi, siki vijiko vitatu vya chakula na sosi ya Worcestershire (ile nyeusi nyepesi ya chupa, yenye uchachu) vijiko viwili. Viungo vya wenzangu zidisha mara mbili, lakini karafuu na pilipili kali zidisha mara moja na nusu tu. Kila kitu kiingie baada ya kuengua povu. Moto mdogo, bila kifuniko, saa mbili na nusu hadi tatu. Mwishoni uwe mwepesi kuliko mchuzi wa nyama wa kawaida, uchotwe kwa upawa na utiririke kidogo. Ukikauka ongeza maji ya moto. Chumvi irekebishe mwishoni.

Meza usiichanganye jikoni. Tambi zichemshwe mpaka ziive vizuri, ziwe kwenye chombo chake. Mchuzi peke yake. Maharage mekundu yaliyochemshwa bila kuungwa, peke yake. Kitunguu kibichi kilichokatwa kidogo, peke yake. Jibini peke yake. Huku watu wanaagiza kwa hesabu: ya tatu ni tambi, mchuzi na jibini, ya nne unaongeza kitunguu au maharage, ya tano vyote. Jibini ndilo la mwisho daima. Wazee wasiolipenda wapewe tambi na mchuzi, hiyo ni ya mbili, nayo inaagizwa kila siku.

Weka biskuti ndogo za chumvi pembeni na pilipili ya chupa kwa wanaotaka ukali. Na watoto wakianza kukata tambi kwa ubavu wa uma badala ya kuzizungusha, waache, ndivyo inavyoliwa hapa.

Mpishi_wa_Nyali

Nyongeza moja. Ukibakiwa na mchuzi, kesho yake pasha soseji za ng'ombe, zitie kwenye mikate mirefu laini, paka haradali, mwagia mchuzi, kitunguu na chizi. Hiyo ndiyo Coney yao. Kwa watoto, pengine watapenda hiyo kuliko tambi zenyewe, kwa hivyo ongeza nusu kilo ya nyama tangu mwanzo.