Naombeni ushauri: mimi ni muuguzi, kanisani tunaambiwa tushuhudie kila mahali. Na wodini je?

Zamu_ya_Usiku ameandika:

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Na ninyi msio wa imani yangu, salamu zenu pia, maana huenda ushauri wenu ndio ninaouhitaji zaidi.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, na mara nyingi napangiwa usiku. Niliokoka nikiwa chuoni. Kazi hii kwangu ni wito, niliiombea kabla hata ya kujaza fomu. Sasa kanisani tuko kwenye msimu wa uinjilisti. Kila muumini amepewa karatasi ya kuandika majina ya aliowashuhudia na idadi ya waliompokea Yesu, na inarudishwa kila mwisho wa mwezi. Kiongozi wa kikundi chetu alipoona yangu iko nyeupe akanisomea Ezekieli 3:18, ile ya damu ya mtu kudaiwa mkononi mwako. Kisha akaniambia, "Wewe unashinda na watu walio mlangoni mwa mauti, unasubiri nini?"

Neno hilo limeniganda kichwani.

Upande wa pili, najua nilichofundishwa darasani: mgonjwa amekuja kutibiwa, hakuja kutafuta dini. Ila wapo wanaoanza wenyewe. Saa nane usiku mtu hana usingizi, asubuhi anaingia chumba cha upasuaji, anakuuliza, "Sista, wewe unaamini kuna Mungu?" Nikijibu nimevunja maadili ya kazi? Nikinyamaza nimemkana Bwana? Na wenzangu wa zamu je, hao nao niwaache?

Tafadhali msilitukane kanisa langu. Nalipenda.

Tarumbeta:

Dada, mbona jibu liko wazi. "Lihubiri neno, uwe tayari, wakati ukufaao na wakati usiokufaa", 2 Timotheo 4:2. Mitume walikatazwa na baraza zima wakajibu, "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu." Mgonjwa akikata roho alfajiri bila kusikia, hizo kanuni za hospitali zitamfaa nini? Ukifukuzwa kazi kwa ajili ya Jina, ihesabu kuwa heshima.

Msomaji Kimya:

Mimi sina dini, na kwa kawaida nyuzi kama hizi nazipita. Lakini niliwahi kulazwa, mirija kila mahali, kujigeuza siwezi. Kulikuwa na mhudumu ambaye kila akija na sindano yangu ya maumivu lazima atangulize neno la Mungu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mpole kuliko wote pale. Ila sindano ilikuwa mkononi mwake. Siku moja akaniomba nimfuatishe sala ya toba, nikamfuatisha neno kwa neno mpaka amina. Pengine jina langu liko kwenye karatasi kama hiyo yako, kwenye safu ya waliompokea. Ukweli ni kwamba niliogopa sindano isije ikachelewa.

Tarumbeta:

Pole sana mkuu. Lakini huyo alikosea namna, hakukosea jambo.

Msomaji Kimya:

Kutoka pale kitandani sikuweza kuona tofauti.

Bibi Matroni:

Mwanangu Zamu, nimestaafu baada ya kusimamia wodi muda mrefu, na ni mkristo wa kusali, si wa jina. Nitakueleza kwa urefu, univumilie.

Kwanza hiyo karatasi. Jina la mgonjwa halitoki wodini kwenda popote. Si kwa mchungaji, si kwa kikundi cha maombi, hata kama nia yenu ni kumwombea. Siri ya mgonjwa si mali yako kuigawa. Hata kama kila ulichomwambia kilikuwa sawa, ukiandika tu kwamba fulani amelazwa kwako umeshavuka mpaka. Hapo sina mjadala, na Tarumbeta anisamehe.

Pili, aliyosema Msomaji Kimya yasome tena polepole. Watu huzungumza kana kwamba tatizo ni sheria za mwajiri. Hapana. Tatizo ni kwamba mtu aliyelala hawezi kusimama akaondoka. Wewe ndiye unayemletea maji, unayemfunika, unayejua maumivu yake yakizidi atakuita wewe. Mtu wa namna hiyo akikuitikia, hujui ameitikia nini. Mitume waliokatazwa na baraza walikuwa chini ya wenye mamlaka. Wewe wodini ndiye mwenye mamlaka, kwa hiyo mstari ule usiuelekeze kwa mgonjwa.

Angalia Bwana mwenyewe na Bartimayo, Marko 10. Kipofu amepiga kelele njia nzima, kila mtu anaona shida yake ni nini, bado Yesu anamuuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Na Filipo, Matendo 8, alikimbia mpaka kwenye gari la yule towashi, lakini alianza na swali, "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Towashi ndiye aliyemsihi apande. Hakudandia.

Sasa swali la saa nane usiku. Ukiulizwa, jibu. Kumficha mtu jibu la kweli wakati amekuuliza kwa hofu nako ni kumtupa. Petro anasema tuwe tayari kumjibu kila mtu "awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, lakini kwa upole na kwa hofu." Mimi nilikuwa nasema, "Ndiyo, naamini, na ndiko ninakopata nguvu. Wewe je, ni nini kinakunyima usingizi?" Kisha nanyamaza. Mara nyingi swali la Mungu lilikuwa limefunika lingine. Mmoja anaogopa hataamka baada ya usingizi wa dawa, mwingine hajapatana na ndugu yake. Ungeanza mahubiri usingelisikia hilo. Akiomba sala, omba naye, fupi, ukitumia maneno yake mwenyewe. Akiwa wa dini nyingine, muulize kama angependa kiongozi wake aitwe, na umwite kweli, usimpige danadana.

Na kipimo changu ni hiki: kama msimamizi wako angekuwa amesimama nyuma ya pazia, ungeendelea kwa sauti ileile?

Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice, nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, kule London mwaka 1967, alianza kama muuguzi na alikuwa mkristo aliyeona kazi ile ni wito kabisa. Nyumba yake ilipokea wenye imani yoyote na wasio na imani. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba maumivu ya mtu anayekufa si ya mwili peke yake, yako na ya roho pia. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba mambo ya roho hayamhusu muuguzi. Yanamhusu sana, ila yanaanza na kumsikiliza mgonjwa.

Wenzako wa zamu ni habari tofauti, hao mko sawa na wanaweza kukwambia wamechoka. Ila wanafunzi wa uuguzi unaowasainia fomu zao za mafunzo, waache mpaka wamalize kwako.

Abu Nuru:

Mimi ni Muislamu, baba alipolazwa muuguzi wake alikuwa mlokole. Siku ya kwanza tu aliuliza nyakati za sala, kisha akawa anapanga kusafisha kidonda kabla au baada, asimkatize. Nilimuuliza mimi mwenyewe kwa nini anajisumbua hivyo, ndipo akanieleza imani yake. Tulijadiliana kwelikweli, kila mmoja na kitabu chake. Yeye hakuhama, nami sikuhama. Baba ndiye alikuwa akiniuliza, "Yule binti ana zamu leo?"

Mchungaji wa Korido:

Mimi ni mchungaji wa hospitali, nakubaliana na mama hapo juu. Nyongeza ndogo. Zipo njia za kitaalamu za kuuliza mambo haya bila kumsukuma mtu. Daktari Christina Puchalski mwaka 1996 alitunga na wenzake utaratibu unaoitwa FICA. Unamuuliza mgonjwa kama ana imani inayomtegemeza, ina uzito gani kwake, kama ana jumuiya anayoitegemea, na angependa tulizingatie vipi katika kumhudumia. Wanaulizwa wote, si wale unaohisi "wako tayari". Akijibu hana, unashukuru na kuendelea na kazi. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi nazo zinataka imani za mgonjwa ziheshimiwe. Hazikukatazi kuwa na yako.

Kuhusu Ezekieli, aliambiwa amewekwa mlinzi wa nyumba ya Israeli, watu wa agano lake mwenyewe, awaonye. Kumbebesha muuguzi wa zamu ya usiku damu ya kila anayefariki wodini ni kuunyoosha mstari kupita unakofika.

Mpanzi:

Hiyo safu ya idadi ndiyo inayonikera mimi. Mmisionari Adoniram Judson alifika Burma (Myanmar ya leo) mwaka 1813, mtu wa kwanza akambatiza 1819. Kwenye fomu yenu angejaza sifuri miaka yote hiyo na kiongozi wa kikundi angemwita pembeni.

Mkatoliki wa Kawaida:

Tusije tukaangukia upande wa pili lakini, ule wa "matendo yangu yanatosha, sina haja ya kusema". Papa Paulo VI katika waraka wake kuhusu uinjilisti, Evangelii Nuntiandi (1975), alisema watu wa leo husikiliza mashahidi kwa hiari kuliko walimu, na sote tunapenda kuunukuu huo. Waraka huohuo unasema ushuhuda wa maisha, hata uwe mzuri vipi, mwishowe hautoshi usipofafanuliwa kwa maneno. Na ule msemo wa "hubiri Injili daima, tumia maneno ikibidi" ambao watu humpachika Mtakatifu Fransisko wa Asizi haumo katika maandishi yake.

Tarumbeta:

Angalau mmoja amelisema. Bado naona mnamtengenezea dada huyu starehe ya kukaa kimya, mkipenda mnipinge. Ila la majina nimekubali, sikuwa nimelifikiria.

Zamu_ya_Usiku:

Asanteni wote. Msomaji Kimya, pole, na asante kwa kulisema hapa penye watu kama mimi.

Karatasi nitairudisha kama ilivyo na nitamweleza kiongozi sababu ya siri ya mgonjwa. Najua hatafurahi. Nitamwomba nipangiwe kundi la kutembelea familia mtaani, huko mtu akinichoka anafunga mlango. Bibi Matroni, shikamoo. Swali moja tu: nikisali na mgonjwa kwa ombi lake, naandika kwenye faili au naacha?

Bibi Matroni:

Marahaba mwanangu. Andika. Saa, nani aliomba, ulifanya nini, hali yake baadaye. "Saa 8:20 usiku mgonjwa ameeleza hofu ya upasuaji, ameomba kusaliwa, amesaliwa, amelala saa 9:00." Na umjulishe mchungaji wa hospitali asubuhi kama mgonjwa ameridhia. Usiandike "ameokoka".