Mrejesho: breki za ski nimeziacha
Wakuu, niliuliza kama ning'oe breki (vile vijiti vinavyoizuia ski isiteleze yenyewe buti likichomoka) kwenye baindingi, yaani kifaa kinachoshika buti kwenye ski, maana nateleza kwenye theluji mtaani tu, kwenye ngazi na reli za kushikia hapa Minneapolis, basi mrejesho ni kwamba nimeziacha. Kilichofanya niamue ni mteremko wenyewe, buti likichomoka ski isiyo na breki inashuka kama mshale mpaka barabarani kwenye magari na wapita njia, na mtaani hakuna wavu wa kuizuia. Kamba ya kufunga mguuni pia sitaki, ukianguka ski inakurudia usoni. Breki pana ndo zilikuwa zinanasa kwenye chuma cha reli, nimeweka za mm 90 kwa ski yenye kiuno (upana wa katikati) cha mm 88, safi. Aliyesema nizikate na msumeno, kaka aisee hapana 😂