Mtoto wa marehemu mdogo wangu anakuja kutoka Uingereza, tumwandaeje?

Mama wa Ipagala: Habarini ndugu zangu. Marehemu mdogo wangu ameacha binti wa miaka saba, kazaliwa Leicester, Kiswahili anasikia kidogo tu. Mimi na baba watoto tunataka kumuasili, aje huku Dodoma awe wetu kabisa. Mama yangu ameshaanza kutenga unga wa uwele na mlenda mkavu, na kila jioni anamwimbia Kigogo kwenye simu. Mtoto anacheka, kisha ananyamaza. Kunyamaza kule kunaniumiza. Je, nimwambie aniite mama?

Mstaafu ustawi: Pole kwa msiba, dada. Kuwa mama mkubwa peke yake hakutoshi kisheria. Chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, maombi ya kuasili hupelekwa Mahakama Kuu. Onaneni mapema na afisa ustawi wa jamii wa Jiji, na wakili aulize taratibu za Uingereza kabla hamjakata tiketi.

Bibi Harusi wa Kondoa: Usimlazimishe. Mama anaye, hata kama amezikwa. Akuite mama mkubwa, hilo nalo ni mama. Weka picha ya mdogo wako sebuleni, mtajeni bila woga. Akija Julai mwekee sweta na mafuta ya kupaka, maana baridi na upepo wa Dodoma wageni hawautarajii.

Mama wa Ipagala: Asanteni sana. Mama mkubwa, basi. Picha naenda kuisafisha kesho.