Jumamosi moja Iringa, niko peke yangu na gari langu dogo la IST: nipunguze nini?

BintiUyole
Wakuu, kwema? Mimi ni wa Mbeya, huku tumezoea migomba, ukungu na matope. Ijumaa ijayo nina kazi Makambako, nitalala hapo, na Jumamosi yote ni yangu. Nataka nchi kavu: mawe, mchanga, mibuyu, jua la kuchoma. Halafu jioni nikae na watu wanaotengeneza vitu kwa mikono yao, siyo duka la vinyago vilivyoshushwa na lori. Kwenye karatasi nimeandika korongo la Isimila, Kalenga, michoro ya kale ya Igeleke, bwawa la Mtera, kisha nishuke mlima Kitonga nikaone mibuyu ya Ruaha Mbuyuni. Dada yangu kaisoma akacheka mpaka machozi. Nipunguze nini? Na mwanamke peke yake kule korongoni ni salama?

DerevaMstaafu
Dada yako ana akili. Mtera iko njia ya Dodoma, Kitonga iko njia ya Morogoro. Ukizitaka zote mbili siku moja utaona lami tu. Makambako mpaka Isimila peke yake inakaribia kilomita 140, na kila kijiji kina kibao cha 50 na trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo nyuma ya mti. Kitonga iache kabisa. Siyo kwamba huwezi, ila kushuka nyuma ya malori yanayonuka breki halafu upande tena siku hiyo hiyo ni adhabu, siyo matembezi.

Mnyalukolo_wa_Kweli
Kamwene dada! Jangwa hatuna, tusidanganyane, ila Isimila itakukosha. Faida yako ni kwamba ukitokea Mbeya unaikuta kabla ya mjini. Ukishapita Tanangozi punguza mwendo, tafuta kibao. Pana jengo dogo la makumbusho, unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji, kwa hiyo korongoni huwi peke yako. Zamani hapo palikuwa na ziwa. Lilipokauka, mvua na upepo vikala udongo laini, pale penye tabaka gumu juu pakabaki nguzo. Unatembea katikati yake kama sisimizi kwenye shamba la mahindi. Zana za mawe za watu wa kale zipo nyingi, shoka za mkono hasa, zinakadiriwa kuwa na miaka 260,000. Muombe mwongozaji akuonyeshe ile iliyochongwa pande zote mbili, uone inavyokaa kiganjani.

Mchana_Kweupe
Ongeza hapo: fika kabla ya saa nne. Mimi niliingia saa saba mchana na chupa ya nusu lita, nimevaa kandambili. Kule chini hakuna upepo, joto linatoka ardhini na kutani kwa pamoja. Nilitoka mwekundu kama nyanya na kandambili moja mkononi. Na kama mvua imenyesha huko juu, usilazimishe, korongo ni njia ya maji hata likiwa kavu.

Kalamu_Tupu
Napingana kidogo na wakuu. Isimila ni ya saa moja na nusu tu. Ukavu wenyewe uko Ismani, barabara ya Dodoma. Ukishaacha mji, nchi inafunguka, miba, mibuyu, mbuzi wamesimama kwa miguu ya nyuma wanatafuna mti. Siyo lazima ufike Mtera.

BintiUyole
@Kalamu_Tupu hapo umenitega. Na mafundi je?

MamaMilulu
Mdogo wangu, Ismani ukienda utarudi jioni, na mafundi watakuwa wamefunga. Chagua. Mimi nakushauri ukitoka Isimila panda mjini kutokea Ipogolo, nenda Neema Crafts. Walianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi, leo kuna watu wenye ulemavu wa kila namna wanasuka, wanashona, wanatengeneza shanga za vioo na karatasi za kinyesi cha tembo (usicheke, hazinuki). Kwenye mgahawa wao wahudumu ni viziwi, unaandika unachotaka. Jifunze kusema asante kwa mkono kabla ya kukaa.

Kikapu cha milulu (zile nyasi za kusukia) usinunue cha kwanza unachoonyeshwa. Kiinue kwenye mwanga: kilichosukwa vizuri mwanga haupenyi kitakoni. Kisha lowesha kidole usugue ile rangi. Mimi niliuziwa kimoja stendi, siku ya kwanza kikanipaka kanga yote zambarau. Na tafadhali, ukikutana na mama anayesuka mwenyewe, usipunguze bei mpaka aone aibu. Muulize kimemchukua siku ngapi, ndipo mzungumze bei.

DerevaMstaafu
Kalenga nayo ya Mkwawa, yule mtemi wa Wahehe, isubiri safari nyingine. Fuvu lake lilikaa Ujerumani mpaka 1954, limengoja kuliko wewe.

BintiUyole
Mrejesho, wakuu. Nimelala saa nne, nimeamka, miguu inauma.

Niliondoka Makambako saa kumi na moja na nusu. Mafinga ukungu kama nyumbani, nikaanza kujuta. Saa mbili na nusu niko Isimila, mgeni pekee. Mwongozaji aliniwekea lile shoka kiganjani, na kidole gumba kikaingia chenyewe kwenye mahali pake. Sikuwa na la kusema. Nguzo ni za rangi ya chai ya maziwa chini, juu nyeusi kidogo, na ukizigusa mchanga unabaki kwenye vidole.

Mgahawani niliandika "chai na keki". Yule dada akasoma, akatabasamu, akanifundisha alama ya chai. Nilipokosea akaushika mkono wangu akaunyoosha.

Igeleke nilipapata saa kumi kwa sababu ni karibu na mji. Ile michoro myekundu ya watu na wanyama imefifia, lazima usogee. Kwa hiyo ukavu wa @Kalamu_Tupu nimeukosa, na inaniuma.

Kikapu nimenunua kwa mama mmoja aliyekuwa bado anasuka kingine. Nilimuuliza siku ngapi. Akahesabu kwa vidole, akafika nane, akaniangalia, akaanza upya kwa sababu alisahau Jumapili ya kanisani. Nimelipa alichosema.

@MamaMilulu nimelowesha kidole. Rangi haijatoka.