Viza ya kampuni changa: ni nchi gani inamfaa mwanzilishi asiye na mtaji mkubwa?

Fundi_Mitambo (mwanzisha mada)

Salaam ndugu wanajukwaa. Sisi ni waanzilishi watatu wa kampuni inayotengeneza kifaa pamoja na programu ya kufuatilia joto la chanjo zinaposafirishwa. Kifaa cha majaribio tunacho, wateja wawili wanaolipa tunao, lakini akiba yetu ni ndogo na hakuna mwekezaji aliyekwisha kutia saini. Nimesoma habari za Kanada, Uingereza, Ufaransa, Uholanzi na Estonia hadi mambo yamenichanganya, kwa kuwa kila nchi inazungumzia viza ya kampuni changa kwa namna yake. Naomba ulinganisho kutoka kwa waliopitia njia hizi au wanaozifuatilia kwa karibu, hasa kuhusu gharama, muda, na hali ya familia, kwani mwenzetu mmoja ana mke na watoto wawili.

Mwangaza

Ndugu Fundi, kabla ya kulinganisha ada, iulize kila nchi maswali mawili. La kwanza, ni nani hasa anayeamua kwamba biashara yako inafaa? La pili, kampuni ikifa katika mwaka wa pili, wewe unabaki na nini mkononi? Ukishayajibu hayo, utaona kwamba nchi nyingi zinajiondoa zenyewe kwenye orodha yako.

Kwa swali la pili, hakuna nchi iliyokuwa na jibu zuri kama Kanada. Mpango wao, ulioanza kama majaribio mwaka 2013 na kufanywa wa kudumu mwaka 2018, ulimpa mwombaji ukaazi wa kudumu, na ukaazi huo haukufutwa kwa sababu tu biashara imeanguka. Uamuzi kuhusu biashara waliuacha kwa taasisi zilizoteuliwa: mfuko wa mitaji ulitakiwa kuweka angalau dola 200,000 za Kanada, kundi la wawekezaji binafsi angalau 75,000, na kituo atamizi, yaani kinachozilea kampuni changa, hakikulazimika kuweka fedha yoyote. Waanzilishi hadi watano waliweza kuomba pamoja. Tatizo ni kwamba maombi yalirundikana mno, watu wakasubiri kwa miaka, na ingawa mwaka 2024 kila taasisi iliwekewa ukomo wa makundi kumi kwa mwaka, mrundikano haukuisha. Desemba 2025 serikali ikatangaza kwamba inaacha kupokea maombi mapya, isipokuwa kwa waliokwisha kupata barua ya kuungwa mkono na taasisi mwaka huo, huku ikiahidi mpango mwingine. Kwa hiyo makala nyingi unazosoma zikiisifu Kanada zinaeleza mlango ambao sasa umefungwa. Wakala akikuambia leo kwamba ana nafasi ya kukuingiza kwa njia ile ya zamani, mwombe akuonyeshe tangazo la serikali linaloiruhusu, na asipokuwa nalo usimlipe.

Karani_wa_Hesabu

Naongezea Uingereza, kwa kuwa ndiyo niliyopitia na ninaifahamu kwa gharama zake. Viza ya sasa ya waanzilishi wabunifu ilianza Aprili 2023, na jambo kubwa lililobadilika ni kuondolewa kwa sharti la kuwa na pauni 50,000 za mtaji. Wengi waliposikia hivyo walidhani imekuwa rahisi. Sivyo. Fedha unayotakiwa kuonyesha sasa ni ile inayotosha mpango wako wa biashara, kwa hiyo mpango unaodai utaajiri watu kumi bila kueleza mishahara yao inatoka wapi hautapita.

Anayeamua ni taasisi ya uidhinishaji iliyokubaliwa na serikali, na inapima mambo matatu: ubunifu, uwezekano wa biashara kusimama, na uwezo wake wa kukua. Tathmini hiyo inalipiwa pauni 1,000, kisha kuna angalau mikutano miwili ya kukaguliwa, baada ya miezi 12 na baada ya miezi 24, na kila mmoja ni pauni 500. Hayo ni kabla ya ada ya viza yenyewe na tozo ya afya, ambayo kwa mtu mzima ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, nayo hulipwa yote mwanzoni. Zingatia pia kwamba kila mwanzilishi anahitaji uidhinisho wake mwenyewe na lazima aonyeshe mchango wake katika kampuni. Ninyi ni watatu. Tozo ya afya peke yake kwa miaka mitatu ni pauni 3,105 kwa mtu mzima mmoja, mzidishe kwa watatu, kisha mwongeze mke na watoto.

Faida zake ni za kweli. Kiingereza kinachotakiwa ni cha kiwango cha B2, yaani juu kidogo ya wastani, mwenza wako anaruhusiwa kufanya kazi, wewe mwenyewe unaruhusiwa kuajiriwa pembeni katika kazi ya ujuzi wa kiwango kinachokubalika, na baada ya miaka mitatu unaweza kuomba ukaazi wa kudumu iwapo kampuni imetimiza vigezo vya ukuaji. Kwa swali la Mwangaza kuhusu kampuni kufa, jibu la Uingereza ni kali: uidhinisho ukiondolewa, viza yako inaweza kufupishwa, nawe ukabaki na majuma machache ya kutafuta njia nyingine au kuondoka.

Daraja_la_Mbao

Uholanzi inatoa kibali cha mwaka mmoja tu, na hakiongezwi. Katika mwaka huo lazima ufanye kazi chini ya mlezi wa biashara anayetambuliwa na serikali, kisha uombe kibali cha mtu aliyejiajiri. Mwaka mmoja ni mfupi kuliko unavyoonekana kwenye karatasi, na kwa kampuni ya kifaa inayohitaji kupimwa na kuthibitishwa kabla ya kuuzwa, ningesita sana.

Niseme jambo moja kuhusu walezi, kwa sababu liliniumiza. Mlezi wa kwanza tuliyezungumza naye alitaka sehemu kubwa ya hisa kabla hata hatujaingia nchini, nasi kwa kuogopa kuikosa nafasi tulikaribia kutia saini. Sheria ya huko inakataza mlezi kuwa na hisa nyingi zinazompa umiliki wa kampuni, na pia asiwe ndugu wa karibu wa mwanzilishi, lakini haikulindi dhidi ya mkataba mbaya ulio ndani ya mipaka hiyo. Mlipeni mwanasheria asome mkataba huo hata kama hamtamlipa kwa jambo lingine lolote.

Nuru_ya_Asubuhi

Mimi ningependekeza Estonia. Unajisajili kama mkaazi wa kidijitali mtandaoni, unafungua kampuni, kisha unahamia. Gharama ni ndogo kabisa.

Mwangaza

Dada Nuru, hapo kuna mkanganyiko, na unawagharimu watu wengi. Ukaazi wa kidijitali wa Estonia, ulioanza mwaka 2014, ni kitambulisho cha kufungulia na kuendeshea kampuni mtandaoni. Haukupi haki ya kuingia nchini wala kuishi huko. Viza ya kampuni changa ni kitu kingine, ilianza mwaka 2017, na ndani yake kuna kamati inayopima kama biashara inatumia teknolojia, ni bunifu, na inaweza kukua nje ya mipaka. Kamati ikikubali, mwanzilishi anaomba viza ya muda mrefu au kibali cha ukaazi wa muda, naye anasamehewa sharti la kuwekeza yuro 65,000 linalowahusu wafanyabiashara wengine wa kigeni.

Nuru_ya_Asubuhi

Nashukuru kwa kunisahihisha. Nilikuwa nimeunganisha mambo mawili.

Msomaji_wa_Sheria

Ufaransa imetajwa na mwanzisha mada lakini haijajibiwa. Kwa familia ndiyo ninayoiona bora zaidi kati ya zilizobaki: kibali cha mwanzilishi kinaweza kufikia miaka minne, na mwenza anapata kibali chenye haki ya kufanya kazi. Mradi lazima utambuliwe kuwa wa ubunifu, kwa mfano kwa kupokelewa na kituo atamizi kilichomo katika French Tech, mtandao wa kampuni changa za Ufaransa, na kila mwanzilishi aonyeshe fedha ya kujikimu inayolingana na kima cha chini cha mshahara cha mwaka mzima.

Marekani haina viza ya kampuni changa. Kuna kanuni inayomruhusu mjasiriamali kuingia na kukaa hadi miaka miwili na nusu, lakini ni ruhusa maalumu, si viza, na tangu Oktoba 2024 inadai uwekezaji wa angalau dola 311,071 kutoka kwa wawekezaji wanaostahili, au ruzuku ya serikali isiyopungua 124,429. Kwa hali yenu ya sasa, iacheni.

Fundi_Mitambo (mwanzisha mada)

Nimewasoma wote kwa makini na ninawashukuru. Tumekaa jana tukapiga hesabu za Uingereza kwa watatu na familia moja, na akiba yetu haifiki. Tumekubaliana kuomba nafasi katika vituo atamizi viwili vya Ufaransa, na wakati huo huo kupeleka maombi kwa kamati ya Estonia, kwa kuwa nyaraka nyingi zinafanana. Kama kuna aliyewahi kufika mbele ya kituo atamizi cha Ufaransa na kampuni ya kifaa badala ya programu peke yake, naomba anieleze ni maswali gani aliulizwa kuhusu uthibitisho wa kifaa chenyewe.