Naomba ushauri: kufundisha mtandao wa maji kwa EPANET, wanafunzi 40 kompyuta 12 (Mbeya)

MwalimuMaji
Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za kazi. Nafundisha usambazaji wa maji ngazi ya diploma hapa Mbeya. Muhula huu nataka vijana waanze simulesheni. Nimechagua EPANET, programu ya kompyuta inayokokotoa mtiririko na presha kwenye mtandao wa mabomba, kwa kuwa ni ya bure, ni nyepesi, na ukishaipakua haidai intaneti. Ninachohofia ni hiki: kijana anachora bomba, anabonyeza kitufe, namba zinatoka, anaziamini. Ukimuuliza presha hiyo imetoka wapi, hana jibu. Nataka kutumia mfano wa skimu ya mserereko (maji yanashuka yenyewe bila pampu) kama hizi za huku milimani. Nianzie wapi?

BombaKuu
Mwalimu, anza na karatasi na kikokotoo, kompyuta zikiwa zimezimwa. Wape tenki kwenye mwinuko wa mita 1,850, kilula (bomba la kuchotea maji) kwenye mita 1,790, bomba la plastiki la mm 63 PN16 (daraja la kubeba presha ya bar 16) lenye urefu wa mita 1,500, mtiririko wa lita 2 kwa sekunde, na C ya kanuni ya Hazen-Williams (namba ya ulaini wa ndani ya bomba) 140. Kila mmoja akokotoe upotevu wa presha kwa mkono na aandike jibu kwa peni. Jibu sahihi ni karibu mita 32, hivyo kati ya zile mita 60 za mwinuko kilulani inabaki presha ya mita 28 hivi (yaani kimo cha maji).

Wengi watakosea kwenye kipenyo. Hiyo 63 ni kipenyo cha nje. Ukuta wa bomba la PE100 (aina ya plastiki) la daraja hilo ni mm 5.8 kila upande, kwa hiyo ndani inabaki mm 51.4. Atakayeingiza 63 atapata upotevu wa mita 12 tu, na kilula chake kitaonyesha mita 48. Hizo mita 20 za ziada hazipo popote! Usiwasahihishe haraka. Waweke pamoja wawili wenye majibu tofauti wabishane, ndipo uwape jedwali la vipimo vya mabomba.

Mkiwasha kompyuta, jambo la kwanza ni vipimo. EPANET huanza na GPM, yaani galoni na futi. Wabadilishe kuwa LPS (lita kwa sekunde) kabla ya kuchora chochote, maana ukibadilisha baadaye namba ulizokwisha kuingiza hazigeuzwi. Na wajue kwamba mstari wanaouchora kwenye skrini ni picha tu. Urefu wa bomba wauandike wenyewe.

MsererekoNjombe
BombaKuu kamaliza ya msingi. Naongeza moja ambalo kwangu ndilo kiini cha somo lote. Kwenye mfano huohuo waambie wapandishe matumizi ya kilula hadi lita 3. Upotevu unaruka hadi mita 68 na ushei, wakati tofauti ya mwinuko ni 60 tu. Programu itatoa onyo la presha hasi, lakini kwenye jedwali bado itaandika kwamba kilula kinapata lita 3 kamili. Kwa kawaida yake inachukulia kuwa matumizi uliyoandika lazima yatoke, presha iwepo isiwepo. Bomba hilo, hata likimwaga wazi, halivuki lita 2.8. Wakishaliona hilo, wafungulie mpangilio wa PDA (matumizi kufuata presha) uliopo kuanzia toleo la 2.2, ambao unapunguza maji kadiri presha inavyoshuka, kisha walinganishe.

Halafu wageuze upande wa pili: usiku, vilula vyote vimefungwa. Sogeza kilula hadi mwinuko wa mita 1,680, matumizi sifuri. Presha inakuwa mita 170, na PN16 inabeba kama 160. Hapo mwanafunzi anaona mwenyewe kwa nini tenki la kupunguza presha linawekwa katikati ya mteremko.

MwalimuMaji
Asanteni sana, hiyo ya lita 3 naichukua kama ilivyo. Vipi idadi yao? Na mwinuko wakapime kwa simu?

BombaKuu
Simu hapana. Mwinuko wa GPS ya simu unaweza kukosea mita 10 na zaidi, na mita 10 ni karibu bar nzima. Tumia mashine ya levo (ya kupimia tofauti ya mwinuko), hata kama ni kwa kipande kifupi cha mteremko.

Idadi: vikundi 8 vya watu watatu na 4 vya watu wanne. Mmoja kwenye kompyuta, mmoja kwenye kikokotoo, anayebaki anaandika, wabadilishane kila nusu saa. Kila kikundi kipe mwinuko wake ili wasinakili. Wahifadhi faili kila baada ya dakika chache, umeme haupigi hodi.

MsererekoNjombe
Mtihani wa vitendo usiwe kuchora. Wape faili lililoharibiwa: bomba moja C yake 14 badala ya 140, jingine limefungwa, na kilula kimoja mwinuko wake umekosewa tarakimu. Hiyo C peke yake inazidisha upotevu wa bomba lile mara 71. Nusu ya alama iende kwa anayeeleza kilichomfanya ashuku, kabla hajagusa namba yoyote.